Msichana, Mvuke na Kidani: Kitabu Nilichokisoma Skuta

Wasomaji wangu wapenzi, ukurasa huu mmeuzoea kwa habari za mashairi, za ngoma na za vitabu vya watu wazima. Leo niwieni radhi, maana nataka kuzungumza juu ya kitabu cha katuni. Lau ningalikiona kitabu kama hicho mkononi mwa mwenzangu zama zile tulipokuwa chuoni, ningalimwambia akitie chini ya mkeka upesi kabla maalimu hajageuza uso. Nimekisoma Skuta, mjini Nyeri, mwezi wa Julai, nikiwa nimevaa kanzu, sweta mbili, na kofia ya sufi juu ya kofia yangu ya viua.

Sikupelekwa huko na vitabu. Binti yangu anasoma uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, yuko mwaka wa tatu, na amepanga chumba hapo Skuta, upande wa King'ong'o. Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufariki, na ambaye neno lake nyumbani kwetu halina rufani, alinituma kwake. Posa imeletwa. Kijana ni wa watu, ana dini, ana duka lake. Lakini wazee wake hawataki kungoja miaka miwili mpaka masomo yaishe, wala hawaoni haja ya mke wa mtoto wao kunuka grisi. "Nenda ukazungumze naye," dada aliniambia, "na ukiweza urudi naye." Akanipa na halua ya kumpelekea. Nikapanda treni ya Miritini, nikalala Nairobi kwa ndugu, na asubuhi yake matatu ikanipandisha kwa njia ya Thika na Karatina mpaka nikaufikia ukungu wa Nyeri.

Nilipofika binti yangu hakuwapo. Alikuwa karakana ya chuo na asingerudi mpaka magharibi, na ufunguo aliuacha kwa mama mwenye nyumba. Nikaingia. Chumba kimoja, kitanda, meza, jiko la gesi, mswala umekunjwa vizuri juu ya kiti. Juu kabisa ya rafu, msahafu peke yake. Chini ya msahafu vitabu vya hesabu, vinene kama matofali. Na chini kabisa, kando ya kopo lililojaa nati na skrubu, kitabu chembamba cha picha alichokinunua Nairobi kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba. Kwenye jalada yuko msichana mwenye miwani, na nyuma yake mitambo.

Mvua ilikuwa ikinyunya ile mvua ya Nyeri isiyonyesha wala isiyokatika. Sikuwa na la kufanya. Nikajifunika blanketi, nikakifungua.

Kinaitwa *Girl Genius*, yaani msichana mwenye akili za ajabu, na ni kazi ya mume na mke, Phil na Kaja Foglio, Wamarekani wa Seattle. Walianza kukitoa mwaka 2001, toleo baada ya toleo, na tangu mwaka 2005 wakawa wanakitoa bure kwenye intaneti. Mwaka 2009, Tuzo ya Hugo, ambayo wenye kupenda hadithi za sayansi huitukuza, ilipotolewa kwa mara ya kwanza kwa hadithi za picha, walioipata ni hao. Wakaipata tena 2010, na tena 2011. Baada ya hapo wakajitoa wenyewe mashindanoni mwaka uliofuata, jambo ambalo sijaona malenga wa kwetu akilifanya.

Hadithi hizi zina jina lake: stimupanki. Neno lenyewe lilianza kama mzaha mwaka 1987, pale mwandishi mmoja Mmarekani, K. W. Jeter, alipotafuta jina la riwaya zake na za wenzake wawili. Wanaitazama dunia ya zama za mvuke, ile ya gari la moshi na meli ya moshi, kisha wanauliza: je, lau mvuke na kamani ya saa vingeendelea na kufika mbali zaidi ya vilipofika? Basi humo utaona merikebu za angani, masanamu ya chuma yanayotembea kwa ufunguo, na wataalamu wenye akili zilizopita kipimo. Bwana na Bibi Foglio wao hawalipendi sana jina hilo, wana jina lao jingine lenye taa ya gesi ndani yake. Lakini wasomaji wameshika la kwanza, na ubishi na msomaji hauna faida. Wala wao si wa kwanza kumtia mwanamke katika michoro ya namna hii. Mfaransa Jacques Tardi alianza mwaka 1976 kuchora visa vya Adèle Blanc-Sec, mwanamke asiyeogopa mtu, katika Paris ya mwaka 1911, kabla hata neno lenyewe halijazaliwa. Lakini Adèle ni mwandishi wa riwaya. Huyu wa Foglio ni fundi.

Sasa, mtu wa pwani akizisikia hizi habari za mvuke na maputo asidhani ni mambo ya watu wengine tu. Jules Verne, ambaye wapenzi wa stimupanki wote humhesabu kuwa babu yao, riwaya yake ya kwanza kujulikana, ile ya wiki tano ndani ya puto, iliyotoka mwaka 1863, aliianzisha wapi? Unguja. Puto liitwalo Victoria linapaa kutoka kisiwa kidogo karibu na Unguja tarehe 18 Aprili 1862, na ndani yake wamo Waingereza watatu. Na Verne anatueleza ya kuwa wenyeji walikasirika wakataka kulizuia, kwa sababu wanaabudu jua na mwezi, na puto litavisumbua huko juu. Nilipolisoma jambo hilo, miaka mingi nyuma, nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Unguja ya mwaka 1862, misikiti kila mtaa, maulamaa wanasomesha fikihi barazani, eti watu wanaabudu mwezi! Mwezi sisi tunautazama, tena kwa ugomvi mkubwa, kila mwisho wa Shaabani. Lakini kuuabudu, la.

Basi katika hadithi za mvuke sisi tumekuwa tukiwekwa chini, tunatazama juu kwa hofu, na mwenye akili yumo ndani ya kapu la puto. Ilhali mvuke ulitufikia mapema. Sayyid Barghash, aliyetawala toka 1870 mpaka 1888, alinunua meli za moshi, akajenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, jumba lililokuja kutiwa taa za umeme na lifti, watu wakitoka mbali kuja kulishangaa. (Sehemu ya jumba hilo iliporomoka Desemba 2020, na kila nikilikumbuka naona kama jamaa yangu amevunjika mguu.) Na huku kwetu Mombasa, marehemu baba yangu alikuwa fundi wa karakana ya reli, wakati wa yale magarimoshi makubwa ya daraja la 59. Yalikuwa 34, yakaundwa Manchester na kiwanda cha Beyer Peacock mwaka 1955 na 1956, kila moja lina uzito uliopita tani 250, na yote yakapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Moja wapo, Mount Gelai, limehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi. Baba akilitaja kama mtu anavyomtaja ng'ombe wake mkali. Alirudi nyumbani jioni na kanzu yake ndani ya mfuko, maana hakutaka kuivaa kabla hajaoga, na katika mfuko huo huo bisibisi yake, ya mpini wa mbao, ambayo hakuiacha kazini hata siku moja.

Nitairudia bisibisi hiyo. Kwanza tuingie kitabuni.

Msichana anaitwa Agatha Clay. Ana miaka 18, ni mwanafunzi wa chuo kikuu katika mji wa Beetleburg, na kila anachokiunda hakifanyi kazi. Si kwamba ni mvivu. Anakesha, anachora, anakaza gia, na mwisho chombo kinatoa moshi na kufa. Kila akitaka kufikiri kwa nguvu, au akikasirika, kichwa kinamuuma mpaka akili inamwachia. Walimu wamemzoea kama mtu anavyolizoea bakuli lenye ufa. Katika dunia ile wako watu wachache waliozaliwa na kipawa cha kuunda mitambo, wanaitwa wenye Cheche, na hao ndio wanaogopwa, ndio wanaotawala, ndio wanaowindwa. Agatha anawatumikia. Hana Cheche, hivyo ndivyo kila mtu ajuavyo, naye mwenyewe akiwamo.

Shingoni ana kidani, cha kufungua na kufunga, ndani mna picha za baba na mama yake waliopotea. Kidani hicho alipewa na ami yake, Barry, ambaye naye alisafiri asirudi, na ami alimwonya asikivue kamwe.

Siku moja njiani, mapema tu katika kitabu, askari wawili wasio na kazi wanamnyang'anya kidani kile. Analia kwa kuibiwa kumbukumbu ya wazazi. Siku hiyo hiyo mambo yanamharibikia kila upande, mkuu wa chuo anakufa, yeye anafukuzwa masomoni. Anarudi nyumbani, analala. Na usiku huo, usingizini, mikono yake inaamka kabla yake. Kunapopambazuka sanamu kubwa la chuma linatembea mjini likimsaka mwizi wa kidani, na aliyeliunda ni yule yule ambaye hakuweza kuunda hata kijidudu cha kamani kikatambaa juu ya meza.

Hapo nilikiweka kitabu mapajani. Fundi mwenye kidani kile hakukitengeneza kiwe pambo. Ndani yake mlikuwa na kitu cha kuizima akili ya msichana. Kichwa kilichomuuma miaka yote hakikuwa kichwa kibovu, kilikuwa kichwa kizima kilichofungwa kamba. Na aliyekifunga si adui. Ni ami yake, aliyempenda, aliyejua kwamba mwenye Cheche asiye na mlinzi hadumu, akaona heri mtoto awe mjinga lakini awe hai.

Wasomaji, nina umri wa miaka hamsini na kitu, nimesoma vitabu vingi vyenye majalada mazito kuliko hicho, na sikumbuki kingine kilichonifunga mdomo namna ile kwa jambo dogo kama kidani.

Kwa sababu binti yangu alipokuwa na miaka kumi na mmoja nilimkuta sakafuni na redio yangu ya kaseti, ameifungua yote. Ile ndiyo redio niliyotumia kurekodi washairi, na siku hizo ilikuwa na ugonjwa wa kutafuna kanda. Skrubu alizipanga juu ya gazeti kwa safu, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo, na mkononi ana bisibisi ya babu yake. Nikapiga kelele. Nikasema umeme utamuua, nikasema redio ni mali, nikasema (na hili ndilo lililobaki) mikono ya mtoto wa kike ina kazi zake. Akairudisha redio kama ilivyokuwa, skrubu moja moja, huku machozi yanamdondoka juu ya gazeti. Mimi nikaichukua bisibisi, nikaifungia kabatini, ufunguo nikautia mfukoni. Nilikuwa nikimpenda. Niliogopa umeme kweli, na niliogopa zaidi maneno ya watu.

Usiku ule nilitia kanda redioni. Haikuitafuna. Wala haikutafuna nyingine tena, mpaka leo. Sikumwambia.

Nilikuwa katika hali hiyo mama mwenye nyumba alipobisha hodi na chai ndani ya birika. Ni mama wa Kikuyu, mtu mzima, mwenye leso kichwani na gumboti miguuni. "Mzee wa Mombasa, unakaa kwa baridi bure," akasema, "kunywa chai." Akaketi kwenye ncha ya kiti, baada ya kuuhamisha mswala kwa mikono miwili kwa adabu ambayo sitaisahau, akaniuliza kama najua binti yangu alilomfanyia.

"Nilikuwa na cherehani yangu, Singer, ya zamani. Ilikufa mwaka ule mzee wangu aliaga. Fundi wa mjini akasema nitupe. Sasa huyu msichana wako akakuja usiku na kijana mmoja wa darasa lao, wakakaa hapo chini mpaka saa tano. Asubuhi cherehani inashona. Mimi nikapea yule kijana mia tano. Akaniangalia, akaniambia, 'Shosho, mimi nilikuwa nashika tochi tu.'"

Tukacheka sana, mimi na yeye. Alipotoka nikafungua tena kitabu, na kurasa chache mbele nikamkuta Baron Klaus, mtawala mkuu, bwana wa merikebu ya angani iliyo kama mji mzima, anaingia mjini kulitafuta lile sanamu na fundi wake. Anawakuta watu wawili: msichana aliyelala, na mwanamume, ambaye ni mmoja wa wale askari walioiba kidani. Naye Baron, mwenye akili kuliko wote katika hadithi hiyo, anaamua papo hapo kwamba fundi ni mwanamume. Msichana ni mtu wake tu.

Kitabu hiki nisikisifie kila kitu. Wachoraji wa Kizungu wana ugonjwa wao, hawawezi kumpa msichana ushujaa bila ya kumvua nguo, na Agatha huyu usiku wa kuunda sanamu ameachwa na nguo za ndani mbele za watu. Kurasa hizo nilizikuta zimebanwa pamoja kwa klipu za karatasi, mbili juu na mbili chini. Klipu zilikuwa mpya. Nikafahamu zimebanwa kwa heshima yangu, baada ya mimi kupiga simu kwamba naja. Nilizibandua, maana nisingejua mwisho wa kisa; kisha nikazibana tena vile vile.

Pia katika Ulaya yao ile ya mvuke sikuiona nafasi ya mtu wa kwetu. Nao wanasahau kwamba elimu ya masanamu yanayotembea yenyewe ilikuwa na jina kwa Kiarabu, ilmu al-hiyal, karne nyingi kabla ya mvuke. Al-Jazari alimaliza kitabu chake cha mitambo mwaka 1206. Humo ameeleza chombo alichokiunda kwa sababu mfalme wake hakupenda mtumishi amwagie maji anapotawadha. Chombo kikamwagia badala yake. Na zaidi ya miaka mia mbili kabla yake, Ibn al-Nadim wa Baghdad, katika orodha yake mashuhuri ya vitabu na wataalamu, alipofika kwa mafundi wa vyombo vya falaki amemtaja mmoja, al-Ijli, mtengenezaji wa astrolabu. Na pamoja naye akamtaja al-Ijliyya, binti yake, aliyekuwa kwa Sayf al-Dawla, mtawala wa Aleppo, naye ni mwanafunzi wa bwana yule yule aliyemfundisha baba. Siku hizi watu wamempa jina la Mariam, lakini katika orodha ile hana jina, ana nisba tu. Mimi nimeisoma habari hiyo nikiwa kijana, nikaihifadhi ili kuwajibu Wazungu. Haikunijia hata mara moja kwamba yule baba, mahali fulani, siku fulani, alimwachia binti yake patasi mkononi asimnyang'anye.

Kwetu pia hawakukosekana. Sayyida Salme, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, amesimulia mwenyewe jinsi alivyojifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa mtoto wa kike alifundishwa kusoma tu. Sisi chuoni tuliandika juu ya mbao, kwa wino wa masizi, na hatukuona ajabu yake. Na huyo binti wa mfalme, ndugu zake walipoingia katika fitina ya kugombea kiti mwaka 1859, aliyeandika barua za siri za Barghash ni yeye, akiwa na miaka kumi na mitano. Walioiogopa kalamu yake ndio walioihitaji. Hata Mwana Kupona wa Pate, ambaye utendi wake dada yangu anaujua wote kwa moyo na humsomea kila biarusi, aliutunga mwaka 1858 kwa mkono uliojua kazi hiyo. Na dada katika wosia wote ule husahau kuitaja kalamu iliyouandika.

Binti yangu aliingia adhana ya simu yake ikilia. Alinibusu mkono, na mkono wake ulikuwa baridi, unanuka sabuni na nyuma ya sabuni unanuka karakana ya reli ya Mombasa. Tukasali. Tukala wali kwa maharage, na halua ya shangazi yake. Akakiona kitabu juu ya kitanda, akaziona klipu ziko mahali pake, akatazama chini akitabasamu.

"Umekisoma, Baba?"

"Nimekisoma. Yule ami yake ni mtu mbaya?"

Akafikiri. "La, si mbaya. Aliogopa."

Basi nikamwambia habari ya redio. Nikamwambia yote, kwamba ile redio alitengeneza, kwamba haikutafuna kanda tena, kwamba nililijua hilo usiku ule ule nikanyamaza miaka yote hii. Nilikuwa nimejitayarisha kuomba msamaha, na maneno nilikuwa nimeyapanga, maana ni kazi yangu kupanga maneno.

"Najua, Baba," akasema. "Nilikuwa naisikia ukutani usiku. Kila ulipotia kanda nilikuwa nahesabu mpaka iishe."

Halafu nikampa ujumbe wa shangazi yake, wote, bila kupunguza, kwa sababu ujumbe ni amana. Nikamsifu kijana kwa anayostahiki kusifiwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniomba nimpelekee shangazi salamu, na nimwambie kwamba hakumkataa mtu, ila anayetaka kumwoa angoje miaka miwili, na asiyeweza kungoja asizuiwe na mtu. Akauliza kama kijana huyo ana gari. Nikasema analo, Toyota kuukuu. "Likiharibika anampelekea nani?" Sikuwa na jibu, nikanywa chai.

Dada amenikasirikia, na wakati ninapoandika haya bado hajanisemesha vizuri. Amenijibu kwa kunipelekea chakula kwa mkono wa mtoto wa jirani, na chakula ni kizuri, kwa hiyo natumai. Wazee wa yule kijana hawajarudi. Wakirudi nitawaeleza masharti, wasiporudi Mungu ni mpaji. Kitabu cha pili cha Agatha, kile cha mji wa angani, binti yangu alinitilia mfukoni siku ya kuondoka, nikakisoma treni nzima kutoka Nairobi mpaka Voi. Humo Baron bado anamtukuza yule askari kwa ufundi asio nao, amempa karakana, na Agatha kamfanya msaidizi wa kumpokeza vyombo. Nilitamani kumwita mama mwenye nyumba aje amweleze.

Nilipofika nyumbani nilifungua kabati. Bisibisi ilikuwapo, mpini umekauka kidogo, chuma hakina kutu kwa kuwa baba aliipaka mafuta enzi zake na mafuta ya reli hayaishi. Nikaifunga katika gazeti, nikaipeleka ofisi ya basi pamoja na vifurushi vya watu. Siku tatu baadaye binti yangu akapiga simu. Akaniambia ameipata, na kwamba ni ya kichwa bapa, ambapo skrubu nyingi za siku hizi ni za msalaba, kwa hiyo karakana ya chuo haina kazi nayo sana. Lakini cherehani ya mama mwenye nyumba, skrubu zake zote ni za zamani, na zinaingia sawasawa.